Mfanyakazi Mwenye Shida: Hasara ya Nani, Faida ya Nani?

Katika mwambao wa Bagamoyo, kama ilivyo mahali pengine popote panapofanyika kazi ya ujira, kuna mfanyakazi ambaye kila msimamizi anamfahamu. Zamani alikuwa mtu wa kutegemewa. Siku hizi huchelewa, Jumatatu haonekani, na hata akionekana mawazo yake hayapo kazini. Huenda ni mpishi wa hoteli, mwalimu, dereva, fundi wa mitambo ya kiwanda cha sukari, au mvunaji wa chumvi katika mabwawa ya Nunge. Huenda kinachomsumbua ni pombe, dawa za kulevya, ugonjwa wa muda mrefu, madeni, msiba au ugomvi wa nyumbani.

Mwajiri wake ana njia tatu. Anaweza kunyamaza na kungoja. Anaweza kumwachisha kazi. Anaweza pia kumpa msaada wa ushauri na matibabu huku akiendelea kumdai kazi yake. Makala haya yanachunguza swali moja tu: je, ni kweli kwamba njia hii ya tatu inamfaidi mwajiri mwenyewe? Wengi hulichukulia swali hili kuwa la huruma. Hata hivyo ni swali linaloweza kupimwa, na mwanafunzi wa sekondari anayejua wastani na asilimia ana vyombo vya kutosha kulifanyia kazi.

Utaratibu huu ulianzaje?

Mpango wa kuwasaidia wafanyakazi wenye shida ulizaliwa viwandani nchini Marekani. Mwaka 1935 kilianzishwa huko chama cha walevi waliokusudia kusaidiana kuacha pombe. Katika miaka ya 1940 makampuni makubwa, miongoni mwao DuPont na Eastman Kodak, yalianza kuwapeleka wafanyakazi wao walevi kupata msaada badala ya kuwafukuza. Viwanda hivyo vilikuwa na mafundi waliochukua miaka mingi kufundishwa, na wakati wa vita haikuwa rahisi kupata wengine. Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia na kutibu ulevi, na katika miaka iliyofuata mipango hii ilipanuliwa ikagusa shida za kila aina, si pombe peke yake. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo unaoshauri matatizo ya pombe na dawa za kulevya kazini yachukuliwe kuwa ni matatizo ya afya, kama yanavyochukuliwa magonjwa mengine.

Katika Afrika, kusini mwa Sahara, janga lililowasukuma waajiri lilikuwa UKIMWI. Mwaka 2001 kampuni ya almasi ya Debswana nchini Botswana ilianza kugharimia dawa za kupunguza makali ya virusi kwa wafanyakazi wake. Hapa Tanzania, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 iliwataka waajiri wawe na mpango wa kukabiliana na ugonjwa huo mahali pa kazi. Mwaka 2014 mwongozo wa utumishi wa umma ukaongeza magonjwa sugu yasiyoambukizwa. Hivyo wazo lenyewe si geni kwetu, ingawa mara nyingi huishia katika karatasi.

Mpango wenyewe una hatua chache. Msimamizi huweka kumbukumbu za kazi: siku za kukosa, saa za kuchelewa, kazi iliyoharibika. Yeye hatafuti ugonjwa, kwa sababu si daktari. Humwita mfanyakazi faraghani, humwonyesha kumbukumbu hizo, humweleza kiwango cha kazi kinachotakiwa, kisha humwelekeza kwa mshauri. Mshauri husikiliza, husaidia penye uwezo wake, na huwapeleka hospitali wale wanaohitaji tiba. Kiwango cha kazi hakipunguzwi, na anayekataa kubadilika huweza kuachishwa mwishowe kwa kufuata sheria.

Shida huingiaje kazini?

Tuanze na pombe. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ya alkoholi ina mililita 25 za alkoholi, ambazo ni kama gramu 20. Ini la mtu mzima huondoa wastani wa gramu 7 hivi kwa saa, ingawa watu hutofautiana. Mtu aliyekunywa chupa 5 ana gramu 100 za kuondoa, nayo ni kazi ya saa 14. Ikiwa alianza kunywa saa 1 usiku, mwili wake utamaliza kazi hiyo kama saa 3 asubuhi. Dereva huyo akiingia kazini saa 1 asubuhi bado ana pombe mwilini, hata kama amelala, ameoga na kunywa kahawa. Kahawa humchangamsha mtu, lakini haiharakishi kazi ya ini.

Dawa za kulevya zina hesabu nyingine. Heroini, ambayo imeathiri vijana wengi wa mwambao huu, huisha nguvu baada ya saa chache, na mtumiaji aliyezoea hupatwa na maumivu yanayomlazimisha kuitafuta tena. Mtu wa namna hiyo hawezi kutimiza zamu ya saa 8 kwa utulivu. Methadoni hufanya kazi polepole; kipimo kimoja humtosha mgonjwa kwa siku nzima. Hiyo ndiyo maana ya kitabibu ya kuitumia: humpa mtu siku ya kufanya kazi. Kliniki ya kwanza ya tiba hii katika Tanzania Bara ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari mwaka 2011, na baadaye huduma ikaenea mikoani.

Lakini angalia sharti lake. Kwa kawaida mgonjwa hunywa dawa kliniki, mbele ya mhudumu, kila siku. Mfanyakazi wa Bagamoyo ambaye angelazimika kwenda Muhimbili angesafiri kiasi cha kilomita 65 kwenda na nyingine 65 kurudi, kila siku. Hata kliniki ikiwa karibu, atahitaji ruhusa ya kuingia kazini akiwa amechelewa kidogo. Mwajiri akimkatalia nusu saa hiyo, tiba hukatika, na mtu hurudia heroini. Mara nyingine, kwa hiyo, msaada wa mwajiri ni kupanga zamu upya tu, bila kutoa hata shilingi moja.

Ushahidi kutoka mashamba ya chai

Ni vigumu kupima kazi ya mwalimu au ya karani. Kazi ya mchuma chai hupimwa kila siku kwenye mizani, na kilo zake huandikwa kwa jina lake. Kwa sababu hiyo watafiti walikwenda katika mashamba ya chai ya Kericho, nchini Kenya. Walichukua kumbukumbu za wachumaji waliofariki au kustaafishwa kwa sababu ya UKIMWI, wakazilinganisha na za wachumaji wengine waliofanya kazi katika mashamba yale yale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004.

Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho wa ajira yao, wagonjwa walichuma kati ya kilo 4.11 na kilo 7.93 pungufu kwa siku. Walichukua siku nyingi zaidi za likizo ya ugonjwa, na siku nyingi zaidi walipewa kazi nyepesi. Mapato yao yalipungua kwa asilimia 16.0 katika mwaka wa pili kabla ya kuacha kazi, na kwa asilimia 17.7 katika mwaka wa mwisho. Ni dhahiri kwamba hasara haikuanza siku mfanyakazi alipofariki. Ilianza mapema, ikaendelea kimya kimya, na mwajiri aliilipia bila kuiona katika vitabu vyake. Uchunguzi uliofuata katika mashamba ya eneo hilo ulionyesha kwamba wachumaji walioanza dawa za kupunguza makali ya virusi walipunguza siku za kazi kabla ya tiba, kisha wakapanda tena walipoitikia dawa.

Hali si ya UKIMWI peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba huzuni ya kiugonjwa na wasiwasi uliozidi hupoteza siku bilioni 12 za kazi kila mwaka duniani.

Hesabu ya mwajiri

Sasa tufanye hesabu. Mfano huu ni wa kubuni, na tarakimu zake zimechaguliwa ili ziwe rahisi. Chukua fundi wa mitambo aliyefanya kazi miaka 8 Bagamoyo. Mshahara wake ni Sh. 520,000 kwa mwezi wenye siku 26 za kazi, yaani Sh. 20,000 kwa siku.

Njia ya kwanza ni kunyamaza. Fundi hukosa kazi siku 3 kila mwezi, na siku nyingine 4 yupo lakini hufanya nusu ya kazi. Siku zilizopotea ni 3 + 2 = 5 kwa mwezi, nazo ni Sh. 100,000, kwa mwaka ni Sh. 1,200,000. Hapo hatujahesabu mtambo utakaoharibika wala mwenzake atakayeumia.

Njia ya pili ni kumwachisha kwa kushindwa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka taarifa ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Tuseme ni mshahara wa mwezi mmoja, Sh. 520,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10: siku 56, yaani Sh. 1,120,000. Fundi mpya atafanya nusu ya kazi kwa miezi 2 ya kujifunza: Sh. 520,000. Matangazo na usaili: Sh. 240,000. Jumla ni Sh. 2,400,000.

Njia ya tatu ni kumsaidia. Vikao 8 vya ushauri kwa Sh. 30,000 ni Sh. 240,000. Ruhusa ya siku 6 ni Sh. 120,000. Likizo ya ugonjwa ya siku 20 ni Sh. 400,000, sheria hiyo hiyo inatoa siku 126 katika kipindi cha miezi 36, nusu ya siku hizo kwa mshahara kamili na nusu nyingine kwa nusu mshahara. Katika miezi 3 ya kungoja matokeo, hasara ya Sh. 100,000 kwa mwezi inaendelea: Sh. 300,000. Jumla ni Sh. 1,060,000.

Msomaji atasema mara moja kwamba njia ya tatu ni rahisi kuliko ya pili. La hasha, hesabu haijaisha. Si kila anayesaidiwa hupona. Asiyepona atamgharimu mwajiri mara mbili: kwanza msaada, kisha gharama za kumwachisha. Kwa hiyo tuchukue mafundi 10 wa namna hii.

Kuwaachisha wote ni Sh. 24,000,000. Kuwasaidia wote ni Sh. 10,600,000. Wakipona 5, mwajiri atawaachisha 5 waliobaki kwa Sh. 12,000,000, na jumla itakuwa Sh. 22,600,000. Amepata faida ya Sh. 1,400,000. Wakipona 4 tu, jumla itakuwa Sh. 25,000,000, naye amepata hasara ya Sh. 1,000,000.

Basi jibu la swali letu si "ndiyo" wala "hapana" tupu. Katika mfano huu msaada unalipa ikiwa nusu ya waliosaidiwa wanarudi katika hali yao. Sasa badilisha jambo moja tu: mafundi wawe wamefanya kazi mwaka 1 badala ya 8. Kiinua mgongo kinashuka hadi Sh. 140,000, na gharama ya kumbadilisha kila mmoja inakuwa Sh. 1,420,000. Mwanafunzi akihesabu upya ataona kwamba sasa lazima wapone 8 kati ya 10 ndipo mwajiri afaidike.

Kanuni inayojitokeza ni hii: kadiri mfanyakazi anavyokuwa ghali kumpatia badala, ndivyo msaada unavyomfaidi mwajiri. Na kadiri msaada unavyotolewa mapema, kabla mtu hajaharibika kabisa, ndivyo matumaini ya kupona yanavyokuwa makubwa.

Tahadhari ya kisayansi

Waajiri na washauri wanaouza huduma hizi hupenda kusema: "Tuliwachukua wafanyakazi waliokuwa wabaya kabisa, tukawasaidia, na mwaka uliofuata utoro wao ulipungua." Je, huo ni ushahidi? Mwalimu anaweza kulijibu swali hili darasani kwa shilingi.

Wanafunzi 40 warushe sarafu mara 10 kila mmoja, na wahesabu ni mara ngapi kichwa kimetokea. Wachukue wanafunzi 8 waliopata vichwa vichache kuliko wote, na wawape "ushauri", kwa mfano kuwaambia warushe kwa makini. Kisha hao 8 warushe tena mara 10. Karibu kila mara wastani wao utapanda kuelekea 5. Ushauri haukufanya lolote. Walichaguliwa wakiwa katika bahati yao mbaya, na bahati mbaya haidumu. Jambo hili huitwa kurejea kwenye wastani. Mfanyakazi hupelekwa kwa mshauri katika mwezi wake mbaya kuliko yote. Sehemu ya nafuu itakayofuata ingekuja hata bila mshauri.

Dawa ya kosa hili ni kundi la kulinganisha: watu wenye shida kama hiyo ambao hawajapata msaada kwa wakati huo. Ndiyo sababu watafiti wa Kericho hawakutazama wagonjwa peke yao.

Kuna tahadhari ya pili. Kati ya mwaka 1924 na 1932 yalifanyika majaribio maarufu katika kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago. Kazi ya baadhi ya wafanyakazi iliongezeka karibu kila hali ilipobadilishwa, na maelezo yaliyoenea ni kwamba walijitahidi kwa kuwa waliangaliwa. Wataalamu wa baadaye wamebishana sana kuhusu tafsiri hiyo, lakini onyo limebaki: mtu anayejua kwamba anapimwa huenda asifanye kama kawaida yake. Kiwanda hicho kilianzisha pia mpango wa washauri wa wafanyakazi mwaka 1936, ukadumu hadi mwaka 1956.

Siri

Hesabu yote iliyotangulia ina sharti moja lisiloandikwa kwa tarakimu: mfanyakazi lazima akubali kwenda kwa mshauri. Katika mji mdogo, ambako msimamizi na mshauri husali pamoja na kununua samaki soko moja, habari husafiri haraka. Mfanyakazi akiamini kwamba atakayoyasema kwa mshauri yatafika ofisini jioni ile ile, hatakwenda, au atakwenda kuchelewa. Kwa hiyo mwajiri apewe mambo mawili tu: kwamba mfanyakazi anahudhuria, na kama kazi yake inaendelea vizuri. Ugonjwa wenyewe ni siri ya mgonjwa na mtabibu wake. Mshauri anayevunja siri ya mmoja amewafungia mlango wengine wote.

Kibarua wa chumvi

Sasa turudi kwenye mabwawa ya chumvi. Kazi ya chumvi ni ya kiangazi, maji ya bahari yanapokauka kwa jua. Masika yakiingia, kazi husimama. Wengi wanaoifanya ni vibarua. Kibarua hana miaka 8 ya kiinua mgongo, na mafunzo ya kazi yake huchukua muda mfupi. Akianguka leo, kesho asubuhi yupo mwingine. Kwa kanuni tuliyoipata, gharama ya kumpatia badala inakaribia sifuri, na hesabu ya mwajiri inasema: mwache aende.

Bagamoyo inaifahamu hesabu hiyo tangu zamani. Katika karne ya 19 maelfu ya wapagazi walikusanyika hapa kwa ajili ya misafara ya bara. Mpagazi aliyeugua njiani mara nyingi aliachwa, mzigo wake ukapewa mtu mwingine. Mwenye msafara hakuona hasara. Hasara ilikuwepo, ila ililipwa na wengine: na mgonjwa mwenyewe, na nduguze, na kijiji alichoachwa.

Vivyo hivyo leo. Kibarua aliyeachwa hatoweki. Ataonekana hospitali ya wilaya, au nyumbani kwa dada yake, au mitaani. Shilingi ambazo hazikuandikwa katika daftari la mwajiri zimeandikwa mahali pengine. Kwa sababu hiyo faida ya mwajiri, ingawa ni hoja nzuri na ya kweli, haitoshi kuwa msingi pekee wa msaada. Inamlinda fundi; haimlindi kibarua. Kwake yeye zinahitajika sheria, huduma za afya za umma, na labda waajiri wadogo wa eneo moja kuchangia mshauri mmoja, ili gharama ya kila mmoja iwe ndogo.

Maswali na mazoezi

1. Katika mfano wa mafundi 10 wenye miaka 8 ya kazi, tafuta asilimia kamili ya kupona ambayo mwajiri hapati faida wala hasara.

2. Rudia hesabu ikiwa likizo ya ugonjwa ni siku 40 badala ya 20. Je, wangapi lazima wapone?

3. Mtu amekunywa chupa 3 za bia za mililita 500 kuanzia saa 2 usiku. Kwa wastani uliotajwa, mwili wake utamaliza kuondoa alkoholi saa ngapi?

4. Fanyeni jaribio la sarafu. Andikeni wastani wa kundi la wanafunzi 8 kabla na baada ya "ushauri", na mweleze kwa nini umebadilika.

5. Jadilini: ni nani hulipa gharama mwajiri anapomwacha kibarua mgonjwa aende? Orodhesheni walipaji wote mnaoweza kuwataja katika kata yenu.